Bibi Mpiga Gitaa wa Amerika

Nianze na gramafoni, maana msomaji asiyeijua anaweza kudhani sisi vijana wa kijiji cha Ijumbi tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na gramafoni moja tu, ya betri, na hapakuwa na nyingine karibu ya kulinganisha nayo.

Santuri zilikuwa za aina mbili. Ile ndogo ilikuwa na wimbo mmoja kila upande, na ilitengenezwa kuzunguka haraka. Ile kubwa, pana kama sahani ya kupakulia ndizi, ilibeba nyimbo nyingi na ilitakiwa kuzunguka taratibu. Ndiyo maana gramafoni huwa na kijiti pembeni: unakisogeza huku kwa santuri ndogo, kule kwa santuri kubwa. Kijiti cha gramafoni yetu kilikuwa kimevunjika siku nyingi, kikabaki upande wa santuri ndogo. Hakuna aliyejali. Santuri zetu karibu zote zilikuwa ndogo, za Kongo na za Nairobi, na zililia vizuri kabisa. Kubwa tulikuwa nayo moja.

Vitu hivyo vilikuwa vya mjomba wangu. Alikuwa bwana shamba, na serikali ilipomhamishia kusini alituachia gramafoni, santuri na gitaa lake la mbao, akisema atavifuata. Ile santuri kubwa aliinunua Kampala, kwa sababu jalada lake lilikuwa na picha ya gitaa na hakuhitaji sababu nyingine. Njiani mvua ililowesha mizigo iliyokuwa juu ya basi. Jalada likageuka uji, na maandishi ya katikati ya santuri yakafutika. Kwa hiyo hatukujua jina la mpigaji wala sura yake. Tulijua sauti yake tu, na sauti ilikuwa ya mwanamke.

Aliimba bluzi. Kwa wasioijua, bluzi ni muziki wa Waamerika weusi, na mpango wake si mgumu. Mwimbaji anasema jambo, analirudia lile lile kana kwamba hukusikia mara ya kwanza, halafu mstari wa tatu anakueleza kwa nini amelisema. Kila akinyamaza, gitaa linamjibu. Mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa hilo kwa muda mrefu, maana mpiga enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi, naye husimulia kidogo, akaziachia nyuzi zimalizie. Bibi wa Amerika, hivyo ndivyo tulivyomwita, alijibiwa na gitaa lake kwa kasi ya ajabu. Vidole vilikimbia kama mvua juu ya bati. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyeamka na hasira zake lakini akaamua kwenda shamba hivyo hivyo.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, jioni, katika darasa la shule ya msingi. Mchana nilikuwa nyumbani kwenye kahawa na migomba kama watu wote. Nilianza kumfuata yule bibi kwenye gitaa la mjomba, sauti moja moja. Alipiga juu sana, hivyo nilifunga kalamu ya risasi kwa mpira kwenye shingo ya gitaa ili nyuzi zipande zimfikie. Ukitaka kujifunza jambo gumu, lisikilize kipande kidogo hata likuchoshe, kisha lisikilize tena. Sikuwa na siri nyingine zaidi ya hiyo.

Tatizo lilikuwa baba. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, alikuwa katekista wa kigango chetu, na kwake gitaa lilikuwa chombo cha baa. Mwanamke kuimba kanisani, sawa. Mwanamke kushika gitaa, hapana. Siku aliponikuta nalo nyuma ya nyumba alinyoosha mkono nimpe.

"Tata, subiri kidogo," nikasema. "Sikiliza kwanza huyu."

Nikamwekea santuri. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Huyu ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, tata. Na gitaa analipiga mwenyewe."

"Ana mume?"

"Sijui, tata."

"Atakuwa naye," akasema. "Mtu asiye na mume halalamiki namna hiyo." Akavaa kofia. "Haya. Kama huko kwa wenzetu yupo mama mtu mzima anayepiga hivyo, na dunia haijaanguka, nawe piga. Lakini nikija kujua umenidanganya, gitaa linapanda basi kumfuata mjomba wako."

Niliona nimepata ruhusa ya maisha. Sikumdanganya, na yule bibi nilikuwa namsikia kila siku.

Nilikuwa na binamu, mtoto wa shangazi yangu, karani katika ofisi moja ya Bukoba mjini. Kila alipokuja Ijumbi alikuja na suruali mpya na maoni mapya. Mjini alikuwa akisikiliza roki kwenye hoteli moja ya chai, ambako mwenye hoteli alikuwa na gramafoni ya kisasa ya betri. Roki, tuseme, ni mtoto wa bluzi aliyepelekwa Uingereza akarudi anapiga kelele. Binamu alikuwa na Mwingereza wake ambaye, kwa maelezo yake, gitaa lake la umeme lililia kama mashine ya kukoboa kahawa inayoomba msamaha.

"Bibi yako ni mzuri," aliniambia, "kwa kulelea watoto."

"Na Mwingereza wako kwa kufukuzia nyani kwenye mahindi."

"Wewe binti, huyo bibi yako hata umeme hana!"

"Na wewe unao? Si chumba chako kina kibatari?"

Tuliendelea hivyo kutoka kanisani hadi nyumbani, Jumapili nyingi, na watu wakaanza kutufuata ili wasikie. Mwenyekiti wa vijana wa chama, kijana mwembamba aliyependa sana mikutano, akaona faida. Alitangaza mdahalo rasmi darasani kwetu, Jumapili alasiri, hoja: nani mpiga gitaa bora kuliko wote duniani. Alisema utawasaidia watu kuzoea Kiswahili, kwa hiyo atakayechomekea Kihaya atagongewa kengele ya baiskeli. Binamu akaahidi kumleta mwenye hoteli pamoja na gramafoni yake, kila upande upige santuri yake kama ushahidi.

Siku hiyo darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwenye hoteli, Mwislamu mwenye asili ya pwani aliyezaliwa Bukoba, alifika na basi akiwa amepakata gramafoni kama mgonjwa. Alisalimia kila mtu, akaomba ikae mbali na watoto. Na nyuma kabisa, kwenye dawati la wanafunzi lililombana magoti, nikamwona tata. Hakuwa na kawaida ya kuja kwenye mambo ya vijana. Nilifurahi. Nilidhani amekuja kujivuna.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti alianza, "kwanza tujiulize, kwa nini tunawajadili watu wa nchi za mabeberu?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyetuita!" mtu akajibu kutoka dirishani.

"Na Mkongo je?" mwingine akadakia. "Mbona Mkongo hayumo?"

"Mkongo hana msemaji. Nyamazeni."

Binamu alianza. Alisema vizuri, mikono ikienda huku na huko, na santuri yake ilipolia mama mmoja alimziba mtoto wake masikio. Aliteleza mara moja tu, akasema neno la Kihaya alipotafuta Kiswahili cha kutetemeka kwa migomba wakati wa upepo. Kengele ikalia, watu wakacheka, naye akainama kama mtu aliyepewa zawadi.

Nikasimama mimi. Nilieleza bluzi kama nilivyoieleza hapa, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nikawaambia kwamba wale walioianzisha walikuwa wanyonge waliolima mashamba ya wengine, kwa hiyo si watu wa mabeberu bali ndugu zetu. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Na zaidi ya yote," nikamalizia, "anayewashinda wanaume wote hawa ni mama. Msikilizeni wenyewe."

Mwenye hoteli akaitazama santuri yangu, akasogeza kijiti pembeni, akateremsha sindano.

Ikatoka sauti ya mwanaume.

Si mwanaume wa kawaida. Mwanaume mnene, wa sauti iliyotoka chini ya ardhi, asiye na haraka yoyote. Gitaa lake lilitembea nyuma yake kama ng'ombe anayerudi zizini. Nilifikiri wamebadilisha santuri. Lakini maneno yalikuwa yale yale na kila jibu la gitaa nililijua, ila limenyooshwa, limekuwa refu.

"Mama ana mafua!" mtu akapiga kelele.

"Mama ana ndevu!"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Binamu alikuwa akifuta machozi. Mimi nilikuwa nakitazama kile kijiti. Nilisogea, nikamwomba mwenye hoteli ruhusa, nikakisukuma upande wa santuri ndogo. Palepale yule bibi akarudi, mwembamba, mwenye hasira, vidole vikikimbia. Nikakirudisha. Mwanaume. Nikakisukuma tena. Mwanamke.

"Mwanaume!" watoto wa dirishani wakaanza kuimba. "Mwanamke! Mwanaume!"

"Binti yangu," mwenye hoteli akasema kwa upole, "sindano itakwisha."

Basi nikawageukia watu, nikawaeleza habari ya santuri kubwa na ndogo na ya kijiti kilichovunjika nyumbani, kwa sababu ukishaanza kufundisha huwezi kuwaacha watu nusu njia hata kama somo lenyewe linakuumbua.

"Ndugu mwenyekiti," binamu akasema akisimama, "naomba ieleweke kwamba mwenzangu amekuja hapa kukitetea kijiti."

Walikuwa bado wanacheka tata aliposimama kwenye lile dawati. Wakanyamaza, maana ndiye aliyewafundisha wengi wao sala. Alizungumza Kihaya, na mwenyekiti hakugusa kengele.

"Kwa hiyo yule mwanamke hayupo."

"Hayupo, tata."

"Hakuwahi kuwapo."

"Hakuwahi, tata."

Akabaki amesimama. Akilini nikaliona gitaa juu ya basi la kwenda kusini, limefungwa kamba pamoja na mikungu ya ndizi. Nikasema, nami kwa Kihaya, "Lakini kupiga kule kupo. Nimejifunza."

Gitaa nilikuwa nimekuja nalo, nikitumaini kuonyesha kidogo mwishoni kama watu wangeomba. Hakuna aliyeomba. Nilikaa juu ya meza ya mwalimu, nikafunga kalamu yangu, nikapiga. Nilipiga kama nilivyojifunza, kwa mwendo wa gramafoni ya mjomba, mwendo ambao yule mwenye wimbo hakuupiga maishani mwake. Vidole vilikuwa na jasho na mara moja niliteleza. Nikaendelea. Kwenye ule mteremko wa mwisho, ambao ulinichukua msimu mzima wa kahawa kuushika, sikusikia mtu akicheka. Nilipomaliza, mwenye hoteli alikuwa ameegemeza mikono juu ya gramafoni yake kana kwamba anaizuia isisikie.

"Wewe binti," binamu akasema, akisahau kuomba ruhusa kwa mwenyekiti. "Hata yeye mwenyewe hawezi hivyo."

"Kengele!" wakadai wale wa madirishani. "Amempongeza mpinzani!"

Mwenyekiti akaitisha kura. Mwingereza akapata mikono ya kutosha, yule wangu, mwanaume au mwanamke, akapata kidogo zaidi, halafu mtu akapaza sauti, "Na wanaomtaka Mkongo?" na darasa zima likanyoosha mikono, pamoja na binamu, pamoja na mwenye hoteli. Mkongo, ambaye hakuwa na msemaji wala santuri siku ile, akatangazwa mshindi. Watu wakatoka wakiimba nyimbo zake.

Mimi sikuimba. Tata alitangulia njiani, nami nikamfuata na gitaa mgongoni. Tulipita kwenye vibanja, yale mashamba ya nyumbani ya majirani, jua likiwa bado juu ya migomba, na kila mtu aliyetusalimia, tata alimjibu kikamilifu, habari za nyumbani, za mgonjwa, za kahawa, na mimi hakuniambia neno. Niliwaza nitamwandikia mjomba nini.

Kwenye mteremko wa kuelekea kwetu akasimama, akanigeukia.

"Yule mwanaume," akasema, "akimaliza kusema, alikuwa ananyamaza."

"Ndiyo, tata."

"Halafu gitaa. Halafu ananyamaza tena."

"Ndiyo."

"Wewe hunyamazi. Unapita tu, kama mtu anayefukuzwa."

Nikajaribu kumweleza kwamba gramafoni ya mjomba ilivyokimbiza santuri ilikuwa imefupisha pia zile nafasi za kunyamaza, kwa hiyo sikuzisikia, kwa hiyo sikujifunza. Alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa.

"Hayo ni ya gramafoni," akasema. "Mimi nasema habari zako." Akaanza kutembea tena, mikono nyuma. "Kesho jioni, tukishaanua kahawa, utakaa pale mlangoni unipigie taratibu. Nataka nikusikie ukinyamaza."