Matanga ya Mume wa Riziki

Iko siku moja hainitoki, mwanangu, na inanirudia kila nikikusikia chumbani ukikariri Kiingereza chako cha mtihani: war, coup, coffin, burial. Unayataja haraka haraka kama mtu anayenadi nyanya. Sikulaumu. Mie nami niliyakariri hivyo hivyo, Tandale, katika darasa la jioni nyuma ya kanisa, enzi za ujana na kiherehere chake.

Pembeni yangu alikaa Riziki, jirani yangu wa chumba cha pili. Alikimbia vita nchi ya jirani, mtoto mgongoni. Mumewe aliuawa siku jeshi lilipoipindua serikali, na Riziki hakupata hata nafasi ya kumzika. Aliuacha mwili mlangoni akakimbia. Sasa alikuwa anangoja kuhojiwa na wageni wanaoamua nani apelekwe kuishi ng'ambo na nani arudishwe kambi ya wakimbizi. Safari ya kwanza mkalimani alimpunguzia maneno, kwa hiyo safari hii alitaka kusema mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye moyo mzuri, hilo nalisema wazi. Lakini kila Riziki alipofika kwenye neno la kuzika, sauti ilimkatika.

"Rudia, dada," mwalimu akamwambia. "Ukilia hawatakuelewa. Sema kama unasoma taarifa ya habari."

Akarudia. Akarudia tena na tena, mpaka neno likawa linatoka kavu, halina kitu ndani. Darasa zima likampigia makofi.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye benchi nikimshikia mtoto. Alipotoka, uso ulikuwa umemshuka.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema nimefundishwa. Eti mtu aliyeyaona hayo hasemi hivyo."

Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo haijapoa vizuri. Na kibaya zaidi, walikuwa na ukweli nusu: Kiingereza kweli alifundishwa. Kufiwa hakufundishwa na mtu.

Tulipofika nyumbani, Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wetu, alitusikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Kisha akauliza swali ambalo darasani hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Matanga ya mumeo ulikaa wapi, mwanangu?"

"Sikukaa, mama. Sikuwa na maiti."

"Kwani sie tunamkalia maiti? Tunamkalia aliyebaki. Nyie, teremsheni mikeka."

Mikeka ikatandikwa uani, sufuria ikabandikwa. Wanawake wa mtaa wakaja wamejitanda kanga, wengine hata jina lake hawalijui. Kila aliyeingia alimpa mkono, akamwambia pole, akaketi. Ndipo Riziki akalia kilio ambacho sijakisikia tena maishani. Akamtaja mumewe kwa jina, akaeleza yote kwa Kiswahili chake cha kwao, akikatika na kuanza upya, na hakuna aliyemwambia arudie.

Wiki iliyofuata alirudishwa kambini na mtoto wake. Sikumwona tena, wala sijui kama yu hai. Inaniuma, mwanangu, sitakuficha.

Basi kariri, ufaulu; sikukatazi. Ila ukikutana na mtu aliyeyapitia hayo unayoyasoma, usimharakishe wala usimsahihishe. Usimpime kwa machozi yake, awe nayo au asiwe nayo. Kaa naye chini kwanza, umuulize marehemu alikuwa akiitwa nani. Hayo mengine atayasema mwenyewe, kwa lugha yoyote atakayoiweza.

Mungu akuepushe na vita, mwanangu, wewe na watakaotoka kwako. Na siku ukifiwa, maana hiyo haina wa kuikwepa, akuletee watu wa kukaa nawe mkekani, wakusikilize mpaka umalize.