Sabuni ya Udi

Barua ya shule ilikuwa na orodha, na sabuni ilikuwa namba nne: miche miwili ya kufulia kwa kila mwanafunzi. Muhula huu walipigia mstari maneno kwamba asiye nayo atarudishwa kwao kutoka getini. Muhula uliopita tulifua kwa maji matupu, bweni zima likajikuna.

Baba alifariki wiki ya kwanza ya likizo. Alikuwa fundi cherehani hapa Gongoni, akaugua siku tatu tu. Balozi wa nyumba kumi alituandikia barua tukapewa bafta ya sanda kwenye duka la ushirika. Kipande kilichobaki nilimshonea mama nguo mbili nyeupe za eda, kwa cherehani ya baba, sindano yake ikiwa bado ndani. Watu walisema nina moyo mgumu kwa kuwa silii. Sijui nina nini. Nilikuwa nashona, napika, nachota maji, na jioni inafika.

Sabuni madukani haikuwepo. Ikija, ni mche mmoja kwa kaya, na foleni inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Za kuogea za magendo zilipatikana, lakini zinanukia, na mwanamke aliye kwenye eda hatumii kitu chenye harufu nzuri mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Siku ya mazishi shangazi, dada yake baba, alitoa chumbani kwa mama wanja, kioo na kipande chake cha sabuni ya kuogea, akavifungia kabatini. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikamshikia mlango wa kabati. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mama alifua kwa maji ya majivu. Wiki ya pili nguo zake zilikuwa na rangi ya ukuta wa zamani. Hakulalamika. Ila nilimwona akivuta mtandio ufunike kifua wakati wageni wa kuhani walipoingia.

Shangazi alirudi tena kutoka Kigwa, kwa treni, na kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, ndani ya kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa. Kikundi cha akina mama cha kijiji chao kinatengeneza sabuni.

"Hii ni ya mara moja tu," alisema. "Nyingine hakuna mpaka wapate tena, na wenyewe hawajui watapata lini. Itatoa miche minne. Miwili ya shule, miwili ya wifi yangu, nguo zake zirudi kuwa nyeupe."

Akanituma bucha kwenda kununua shahamu. Sipendi kwenda bucha. Nilisema ninachotaka na mwenye bucha akaweka mkono sikioni.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Huyu ng'ombe ameshakufa, hutamshtua."

Watu wakacheka. Nikasema tena. Aliponitazama vizuri akakumbuka mimi ni mtoto wa nani, akaacha kucheka. Akaongeza bonge jingine kwenye gazeti bila kulipima.

Tuliyeyusha shahamu uani, tukaichuja kwa kipande cha khanga. Kostiki shangazi aliitia kwenye chungu cha maji, akanionya nisiinamie. Maji yalipata moto yenyewe bila kuni. Yalipopoa tukayamimina polepole kwenye chungu cha mafuta, nikapewa mwiko.

"Koroga upande mmoja tu. Ukigeuza inanuna kama mama yako."

"Nimesikia, wifi," mama alisema kutoka chumbani.

"Nilitaka usikie."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kutania ndani ya nyumba ile. Kisha nilisikia kitanda kikilia, kama mtu amegeuka kutuelekea.

Adhuhuri shangazi akaenda kuswali, akaniachia chungu. Mchanganyiko ulikuwa umeanza kuwa kama uji mzito, na ulinuka bucha. Nilimkumbuka msichana mmoja wa bwenini kwetu aliyekuja na sabuni ya nyumbani. Walimpachika jina la Bucha, na akipita wanaziba pua. Mimi hata nikiitwa kwa jina langu naona aibu.

Ndani ya mtoto wa meza ya cherehani kulikuwa na kichupa cha mafuta ya udi. Baba alijipaka siku za Ijumaa, na waliomkafini walitumia sehemu yake. Kilibaki nusu. Nilikwenda nikakichukua, nikarudi, nikamimina chote kwenye chungu, nikakoroga upande mmoja kama nilivyoambiwa.

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria baba. Sikumfikiria. Wala mama sikumfikiria. Nilifikiria kitanda changu cha bwenini na pua za wasichana.

Shangazi alirudi mikono ikiwa bado na maji ya udhu. Akasimama mbali na chungu.

"Nani amepita hapa?"

"Hakuna."

Akakiona kichupa karibu na mguu wangu. Akaketi kwenye kigoda taratibu.

"Na mama yako atafulia nini?"

Ndipo nikakumbuka. Nikaendelea kukoroga kwa sababu mkono ulikuwa tayari unakoroga.

Mama alitokea mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alivuta pumzi mara moja, halafu akashika mtandio akaziba nao pua na mdomo. Macho yake yalikuwa kwenye chungu, si kwangu. Shangazi alianza kusema, "Wifi, huyu mtoto...", akaacha.

"Mimineni kwenye kasha kabla haijaganda," mama alisema, akarudi ndani. Nikasikia dirisha la chumba chake likifungwa. Sijui kama alilifunga kwa ajili ya eda au kwa ajili ya harufu yenyewe.

Tulimimina. Kesho yake ilikuwa ngumu, shangazi akaikata kwa waya: miche minne, ya manjano kidogo, imenyooka. Akaianika nyumba ya jirani. Jioni akamwambia mama kupitia mlango uliofungwa kwamba angeweza kuibeba yote Kigwa, akabadilishane na wenzake wenye sabuni isiyo na harufu.

"Na wakikosa?" mama aliuliza.

"Wakikosa narudi nayo."

"Utarudi shule zimeshafunguliwa. Atarudishwa getini."

"Basi nipeleke ile miwili yako tu."

"Miwili haitamfikisha mwisho wa muhula. Apeleke yote. Mimi niko ndani, nani ananiona?"

Shangazi alinitazama akingoja niseme kitu. Nilipaswa kusema miwili inanitosha. Nilikuwa na maneno hayo kabisa, nimeyapanga. Nikaenda kuosha chungu.

Sabuni ilikaa wiki mbili ikikomaa. Asubuhi ya safari niliikuta ndani ya sanduku langu, miche yote minne, kila mmoja ndani ya gazeti lake. Mama alikuwa amevaa nguo yenye rangi ya ukuta. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniombea dua, akasema nisicheleweshe watu.

Getini matroni alifungua gazeti moja, akanusa.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nyumbani."

Akaweka alama kwenye karatasi yake. "Pita."

Hakuna aliyeniita Bucha. Wasichana wawili wameniomba kipande, nikawapa. Shangazi ameniandikia barua kwa niaba ya mama; mama anauliza kama sabuni inatoa povu. Nimejibu kwamba inatoa vizuri. Sikumwambia kwamba miwili ya kwanza imekwisha na jana nimeanza wa tatu.