Maganda ya Machungwa Yalivyonipeleka Hewani

Niliondoka Tarasaa kwa sababu ya aibu. Mteja wangu wa Malindi alikuwa amenirudishia sabuni zangu zote, akisema zinanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na kunipa nafasi moja tu ya mwisho. Ndipo Shangazi Hawayu akanipigia simu kutoka kijiji cha Hewani: "Binti yangu anaolewa. Machungwa tumeyakamua juisi, maganda yamejaa uani. Njoo utoe hayo mafuta yako ya kunukishia sabuni!"

Garsen nilishuka kununua bomba la sindano la kuchanjia mifugo. Muuzaji akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamjibu ni la machungwa. Akanihesabia chenji huku akinitazama kwa pembe ya jicho.

Hewani nilifika mchana kwa bodaboda, sufuria ya presha nimeipakata kama mtoto. Nyuma ya jiko la shangazi nikaijaza maganda na maji, nikachomeka mrija wa shaba kwenye tundu la mvuke na kuupitisha ndani ya ndoo ya maji baridi. Moto ulipokolea, mvuke ulibeba mafuta, ukapoa mrijani, ukaanza kudondoka chupani.

Wageni wa harusi wakaona sufuria, mrija na matone. Punde naibu chifu akasimama mbele yangu.

"Dada, unapika chang'aa? Hujui hiyo pombe ni haramu?"

"Ni mafuta ya maganda, mzee."

Akachovya kijiti, akakiwasha. Kikalipuka moto.

"Tena kali!"

Nikamwonyesha chupa: mafuta yanaelea juu, maji chini. "Pombe ingechanganyika na maji."

"Mimi si mwanafunzi wako. Beba sufuria, twende kwa chifu."

Machozi yakanilenga. Shangazi akapaza sauti: "Mwiteni Komora!"

Komora, mlevi anayejulikana kijiji kizima, alikuja mbio. Akalamba tone moja. Uso ukamkunjika, akatema mpaka ukutani.

"Naibu, hii si pombe," akasema kwa huzuni. "Hii ni dhuluma."

Naibu chifu akaondoka. Komora akaninong'oneza, "Lakini ukipika tena, niite nihakikishe."

Jioni niliyavuta mafuta ya juu kwa lile bomba la sindano, taratibu, nikayaacha maji.

Niliporudi Tarasaa nilitengeneza sabuni mpya zenye mafuta hayo, na mteja akazichukua zote. Nilichojifunza ni hiki: mafuta na maji ukiyaacha yatulie, hutengana yenyewe. Watu waliozunguka sufuria inayodondosha matone hawatengani na wazo la pombe, hata uwaambie ni maganda.