Mtamba au Kasese

Turubai la lori likilowa mvua, halafu jua likalipiga, hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaipatia jina. Ni kama mafuta ya taa, ni kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa ikauke, na kwa mbali ni kama viazi vitamu. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa ya malori, kwa hivyo harufu hiyo naipata karibu kila wiki. Kila nikiipata namwona Mjomba Makau ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, uwanjani kwa nyanya yangu kule Ndithini, akiningoja mimi, mtoto wa miaka tisa, nimwambie aishi vipi.

Nitaeleza. Msiniharakishe tu, maana shule niliiachia darasa la sita na maneno yangu hayajui kupanga mstari.

Kwetu Ukambani jina la mtoto halitafutwi, liko tayari. Mvulana wa kwanza huchukua la babu wa upande wa baba, wa pili huchukua la babu wa upande wa mama. Mimi ni wa pili. Basi mimi ni Kioko, na Kioko alikuwa baba yake mama, mzee aliyekufa kabla sijazaliwa. Nyanya aliniita mume wangu, na akanilaumu kwamba siku hizi narudi nyumbani bila nyama. Mama akitaka kunichapa alisema kwanza, "Nisamehe, baba," halafu fimbo ikafuata, na haikuwa na heshima yoyote. Mjomba Makau, mdogo wake mama, aliniita Nau, ndiyo "baba yangu" kwa Kikamba. Ni mzaha, lakini si mzaha wote. Mtu akiwa na jambo zito humwendea mwenye jina, akacheka kidogo, akauliza.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa nimepelekwa kwa nyanya likizo ya Aprili. Mjomba alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, hajaoa. Alikuwa amefyatua matofali ya watu na kuchimba matuta ya watu misimu miwili, akaweka pesa za kununua mtamba. Nyanya alikuwa ameshampa huyo mtamba jina, na bado hajanunuliwa.

Hapo kukatokea matanga ya jirani. Dereva mmoja, mtu wa Mumbuni, alileta jeneza na lori lake, na mvua ikamfungia kijijini siku mbili. Mjomba akanichukua tukaingia nyuma ya lori, chini ya turubai, tukaketi humo tukila karanga na kusikiliza mvua. Dereva alikuwa anatafuta tanboi, yaani msaidizi wa lori, asiyelewa, wa kwenda naye Kampala, na kutoka Kampala mpaka Kasese. Mshahara ulikuwa mdogo, alisema wazi. Lakini mjomba hakuuliza mshahara. Aliuliza kama ni kweli huko Kasese kuna milima yenye theluji.

Nyanya aliposikia alicheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Theluji? Si Mlima Kenya huu hapa? Asubuhi unauona ukienda chooni, tena bure."

"Mama, huo nimeuona tangu nizaliwe."

"Basi umeshaona. Pesa ya mtamba ukatafutie pasipoti? Ng'ombe huzaa hata ukiwa umelala. Barabara huzaa nini?"

"Ng'ombe nitanunua hata nikibaki na meno mawili," mjomba akasema. "Nikiwa na meno mawili nani atanichukua tanboi?"

Wote wawili walisema kweli, ndiyo sababu hakuna aliyeshinda. Wakabishana kutwa. Na katikati ya kubishana nyanya akasema neno ambalo mjomba hakulitilia maanani, lakini mimi nililishika: "Ukienda, huyu Kioko habanduki hapa. Nitamwambia mama yake amwandikishe shule ya hapa, anitekee maji."

Lazima niwaambie habari ya punda. Maji yalikuwa mbali, na yule punda alikuwa na tabia ya kulala katikati ya njia mitungi ikiwa imejaa. Mjomba alimwinua kwa kumnong'oneza sikioni, sijui alimwambia nini. Mimi alinipiga teke mara mbili. Nilijiona nimekua mtu mzima, nina ndevu, bado namvuta punda aliyelala.

Kesho yake mchana, tukila muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mjomba akaweka sahani chini, akaketi juu ya kile kinu. Lori lilikuwa linaondoka jioni.

"Nau," akasema, akicheka kidogo. "Mama amekataa. Sasa wewe ndiye mwenye boma. Niende, nisiende?"

Nilikuwa nimesikia jinsi babu alivyokuwa. Kabla ya kusema alikuwa akikohoa kwanza, akitazama pembeni, na neno lake hakulirudia. Nikakohoa. Nikatazama zizi. Nikasema, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza kuitoa, "Nunua ng'ombe."

Nyanya akapiga vigelegele. "Mume wangu amesema." Majirani waliokuwapo wakacheka, na mimi nikacheka. Mjomba hakucheka. Aliokota sahani yake, akamaliza kula. Jioni lori liliondoka bila yeye, na wiki ile akanunua mtamba.

Mtamba alizaa vizuri, tusiseme uongo. Leo mjomba ana nyumba ya matofali, ana ng'ombe, watoto wake walisoma kunishinda. Mwenye kuhesabu atasema nilimshauri vyema. Lakini mimi nilipofika miaka ishirini nilipanda lori, bila kuuliza mtu, na Kasese nimefika mara nyingi mpaka nimeichoka.

Mwaka jana nilipita kumwona. Magoti yamemkataa, hatoki bomani. Akaniuliza, "Nau, ile theluji inaonekana kutoka barabarani?"

Nikasema hamna kitu, mawingu tu na vumbi.

"Hata kudanganya hujui," akasema. "Ukipita Mbarara, barabara inageuka upande gani?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa kwake. Ndipo nikashindwa kujizuia nikauliza kwa nini siku ile aliniuliza mimi, mtoto mdogo.

"Watu wazima nilijua watasema nini," akasema. "Mtoto ukimwambia unasafiri, husema nenda, uniletee kitu. Nilitaka kusikia hivyo mara moja tu, niondoke."

Habari ya punda ilikuwa mdomoni. Nikaimeza na chai.

Miaka yote nilidhani kosa langu ni kuazima sauti ya marehemu. Hilo babu angenisamehe, naye alipenda ng'ombe. Kumbe mjomba hakuwa na haja na babu. Alikaa juu ya kinu kile akimwuliza mtoto, na mtoto alikuwepo, alikuwa na miaka tisa, alitaka sana kuletewa kitu kutoka Kasese. Nilimziba mdomo mtoto huyo, nikakohoa kama babu.