Kofia Mbele ya Mlango Wangu

Nilimpokonya kofia mkononi, nikamrudishia kichwani kwa nguvu mpaka ikamfunika masikio.

"Vaa, tata! Hapa hakuna kilio. Hakuna mutu alikufa hapa!"

Mzee wa watu akabaki ameduwaa katikati ya njia, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa mvi, kazi yake ni kutembeza wageni mjini kwa miguu, na siku ile mgeni wake nilikuwa mimi peke yangu, na binti yangu mgongoni. Kwetu Dilolo mwanamke akimshika mzee kichwani namna ile, familia inaitwa. Sikujali. Alikuwa amevua kofia mbele ya nyumba yangu, kama watu wanavyovua jeneza likipita, na akasema kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Na hapa, mama, kulikuwaka avenue muzuri sana. Batu balikaaka hapa."

Nguo za mtoto wangu zilikuwa kwenye kamba, bado zinadondosha maji.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, la sivyo mtasema mimi ni mwendawazimu tu.

Bwana yangu alipata kazi ya kuandika saa za wafanyakazi kwenye kampuni moja ndogo upande wa Tenke. Anarudi Jumamosi, anaondoka Jumapili. Alitupangia nyumba Kolwezi, mlango wa bluu, chumba na sebule, halafu akatuacha humo mimi na mtoto. Mji wenyewe sikuujua. Nilijua njia ya bomba, njia ya kanisa na njia ya mama anayeuza makaa. Nilikuwa nalia. Nililia kwa ajili ya stesheni ya kwetu, kwa ajili ya wale mama wa Angola wanaovuka mpaka na ndoo za samaki na kubishana bei kwa Kireno. Bwana yangu alicheka.

"Unalilia reli ama unalilia mama yako?"

"Ninalilia batu benye kunijua."

Basi akaenda parokiani, akampata huyu mzee. Watu walisema ametembeza mapadre, mainjinia, hata wazungu wenye kamera. "Atakuonyesha mji wote," bwana yangu akaniambia, "na utaacha kunililia ku telefone." Na mimi nilikuwa na maswali yangu. Nilitaka kujua shule gani binti yangu ataanza, zahanati gani haimkemei mama mwenye mtoto wa homa, na wapi wanauza sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na mchanga. Sikutaka historia.

Asubuhi alinikuta mbele ya kanisa. Viatu vinang'aa, kofia nyeusi, mwavuli ambao hakuufungua hata mara moja.

"Kwa mukono wa kushoto, madame..."

"Tata, tuko tunatembea na miguu. Hakuna bisi ya batalii hapa. Na usiniite madame, mi mama ya mutoto tu."

Akacheka vizuri. Nilimpenda kwa kicheko kile, nasema ukweli. Katikati ya mji kuna njia pana zenye miti ya maua ya zambarau, na chini ya miti ile alinieleza: "Hii miti, bazungu Babeleji njo balipandaka. Bo balienda, miti ikabakia. Miti haina passeport." Nilimshusha kidogo binti yangu, ambaye hajafika miaka mitatu, akaokota maua akayatia mdomoni. Tulikuwa sawa.

Halafu nikauliza shule.

Alinyoosha mwavuli kuelekea uzio mrefu. Nyuma ya uzio kulikuwa na mlima mwekundu, bila majani, bila hata ndege. "Shule ilikuwaka pale."

"Pale ni mulima."

"Ni bulongo, udongo yenye ilitoka mu shimo ya mugodi. Mulima ilikuja kisha. Shule ilitanguliaka." Akavua kofia, akahesabu pumzi zake, akavaa.

"Na yenye kufundisha sasa?"

"Ah. Ya sasa." Akaionyesha kwa kidevu, kama nimemuuliza jambo la aibu, na tukaipita.

Ikawa hivyo mpaka jua lilipopanda. Hapa kulikuwaka soko. Hapa tulichezeaka mpira. Hapa kulikuwaka dokta mumoja alikuwaka anaimba akipiga batoto sindano. Kila mahali anavua, anavaa. Huku Katanga tuna hiyo -ka tunayobandika mwishoni mwa neno. Nilimaliza miaka yote sita ya sekondari, section pédagogique, ile ya ualimu, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akiikata kwa wino mwekundu: si sanifu! Hakutuambia inafanya kazi gani. Mimi nilijifunza siku ile kwa miguu. Ukiitia kwenye jambo lililopita, jambo linasogea mbali zaidi, mahali ambapo mkono haufiki.

Kwenye uwanja mmoja mtupu, wenye majani makavu na vifuko vya plastiki, mzee hakukata katikati. Alikwenda moja kwa moja, akapinda kona, akaenda tena, akapinda.

"Tata, mbona unazunguka? Pale ni wazi."

"Kuko ukuta." Akasimama, akajicheka mwenyewe. "Kulikuwaka. Miguu haijasikia habari."

Na mimi, kwa ujinga gani sijui, nilipita palepale alipopita. Nilipinda kona ya ukuta ambao haupo. Nilikanyaga polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Binti yangu akanyoosha kichwa nje ya kitenge, akasema: "Hodi!"

Alikuwa kwenye umri ule. Anabisha hodi kwenye sufuria, kwenye kabati, kwenye tumbo la baba yake. Na ukigonga wewe, yeye anajibu karibu. Nyumbani mchana alikuwa analala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba, sikio chini, anasema karibu, karibu. Mimi nilikuwa napika bukari yangu, ugali wa kwetu, nikisema, afadhali ana mchezo.

Mzee alimjibu, "Karibu, mama muzuri," na machozi yakamtoka. Nikageuka pembeni. Mzee hakulipwa ili anilize.

Tulirudi kwa njia nisiyoijua, upande wa mgodi. Vijana walipita wamebeba mifuko ya mawe ya madini begani, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, mmoja akanisalimia kwa Kiluba kama cha bibi yangu. Tukaingia kwenye njia yenye nyumba zilizoinama. Mzee akasimama. Akavua. Kulikuwaka, balikaaka.

Kwa kuwa tulikuja kwa nyuma, sikuitambua njia. Nilichotambua ni gauni la njano kwenye kamba. Nililifua mwenyewe asubuhi.

Ndipo nikamvalisha kofia kwa nguvu.

"Ile robe ya njano ni ya nani?" nilimuuliza nikipiga kelele.

"Sijue, mama. Ni ya batu benye kubakia."

"Ni ya huyu!" Nikamgeuzia mgongo amwone mtoto. "Mi njo nakaa pale! Mulango ya bluu! Juzi nilipiga mulango rangi!"

Alinitazama mimi, akautazama mlango. Rangi ikamtoka usoni.

"Nani alikupangisha pale?"

Hakungoja jibu. Aliingia uani, akapiga kisigino chini mbele ya ngazi. Akasogea, akapiga tena. Ardhi ikatoa sauti ya ngoma. Nilimshusha mtoto. Yeye akaona mchezo wake umeanza, akakimbia ndani, akalala sakafuni, akagonga kwa kokwa la embe.

Kutoka chini mtu aligonga mara mbili.

"Karibu!" binti yangu akasema, kwa furaha.

Halafu yule wa chini akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kijana. Nilikuwa nimekisikia kikohozi kile wiki nyingi nikidhani ni cha jirani.

Mwenye nyumba anakaa uani, kwenye nyumba ndogo ya nyuma ambayo daima ina pazia zito mlangoni. Tulimkuta ameketi nje anakula muhogo mbichi na karanga.

"Papa, chini ya kitanda ya mutoto wangu kuko nini?"

"Bulongo. Chini ya batu yote kuko bulongo."

"Niliuliza muzuri."

"Kisima, mama. Niko nachimba kisima. Utanishukuru."

"Kisima yenye kukohoa?"

Akatafuna, akameza. "We mugeni. Hapa haiko Dilolo. Huku kila mutu iko na kitu chini ya nyumba."

"Na mi niko na mutoto juu yake!"

"Kama unaogopa, hama. Hii kartie itavunjwa tu, mugodi itaichukua. Mi niache mawe yangu bachukue bengine?"

Nilimgeukia mzee wa kofia, maana hasira ilikuwa imebaki nyingi na yule wa karanga haikumwingia. "Na we, tata. Ulijua! Unatembeza batu, unavua kofia, unalia, na ulijua!"

Akaonyesha, nyumba mbili kutoka yangu, bonde dogo lenye migomba. Nilikuwa naliona kila siku nikisema watu hawa wamelima vizuri. "Yangu ilikuwaka ile. Bamoja balichimba chini, mvua ikaimaliza. Tulikuwa ku misa. Nilisemaka, mama. Ku biro ya kartie nilisemaka na kusemaka. Mwisho nilichoka, nikaanza kuvua kofia."

"Kofia haishike nyumba, tata."

Aliingia ndani kwangu. Alichukua upande mmoja wa godoro, mimi upande mwingine. Tulitoa sufuria, mbabula ya makaa, na picha ya ndoa. Gauni la njano nililiacha kwenye kamba, makusudi. Alitupeleka kwake Kapata, kwenye zile safu za nyumba za wafanyakazi wa zamani, zote zinafanana mpaka unaweza kuingia kwa mwingine ukapewa chakula. Mke wake alinifungulia, hakuuliza hata swali. "Karibu, mama," akasema, na mimi nikapiga kisigino chini kabla ya kuingia.

Jioni ile binti yangu alilala kifudifudi kwenye sakafu ya Kapata. Akagonga. Akasema karibu. Akangoja. Sakafu ya Kapata ni imara, haina mtu. Alilia mpaka akalala, na mimi nilikaa kando yake nikifikiri ni nani amebaki kule, anagonga kwenye chumba kitupu, hajibiwi.

Bwana yangu nilimpigia. Nikamweleza yote. Akasema ningoje Jumamosi tuongee na mwenye nyumba kwa upole, kama watu. Nikamwambia upole wangu nimeuacha kwenye avenue.

Asubuhi nilikwenda kushtaki biro ya kartie, yaani ofisi ya mtaa, na mzee nyuma yangu. Katibu alikuwa kijana mwenye tai. Nilipotaja avenue akafungua ramani yake.

"Mama, ile avenue haiko tena ku plan."

"Iko. Nilitoka pale jana."

"Ku plan, haiko."

"Basi nilikuwa nalala wapi? Juu ya plan yako?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Mama mmoja akapiga makofi. Katibu akavuta tai, akasema sawa, lakini lazima niandike kama mkaaji wa zamani, yaani nilikaaka pale, ndiyo njia pekee karatasi inaweza kupokelewa. Nilimtazama mzee. Mkono wake ulikuwa umeshapanda kuelekea kofia.

"Tata," nikamwambia, "uiache palepale."

Akaushusha mkono. Nikaomba kalamu, nikaandika barua. Ningeweza kuandika kwa Kifaransa, nina diploma yangu, lakini nilitaka benchi lote lielewe nikiisoma kwa sauti. Niliisoma kwa sauti. Katibu akaipiga muhuri ili nitoke. Nilichoandika ni hiki:

*Kwa Shefu wa kartie.*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mpangaji wa nyumba yenye mlango wa bluu, kwenye avenue ambayo biro yako inasema haiko. Iko.*

*Ninamlalamikia mwenye nyumba kwa sababu anachimbisha mawe chini ya chumba anacholala mtoto wangu, alinipangishia bila kusema, na nilipouliza alinidanganya kwamba ni kisima. Ninailalamikia na biro hii, kwa sababu tata aliyesimama nami alikuja kuisema habari hii kwa mdomo kabla nyumba yake haijaanguka, na hakuna mtu aliyekwenda kuangalia.*

*Kwenye avenue hiyo tunapika, tunafua, tunapanga watoto mstari kuwaogesha. Ninaomba uchimbaji chini ya nyumba zenye watu usimame kabla ya mvua kubwa. Ninaomba mwenye nyumba asiruhusiwe kumweka mgeni mwingine mle.*

*Ninaomba pia mtu ateremke kuwaambia walioko chini watoke. Siwajui. Mmoja ana kikohozi na ni kijana. Mtoto wangu alimkaribisha siku nyingi, na mtu ukishamkaribisha huachi nyumba imwangukie.*

*Katibu wako alitaka niandike kwamba nilikaaka pale. Sikuandika. Mtoto analala Kapata kwa sasa, lakini gauni lake la njano liko kwenye kamba. Njoo ulione likiwa bado liko.*