Wajomba wa Malkia

Kila Ijumaa nyumba yetu ilinukia vitunguu vya pilau, harufu iliyoganda kwenye mapazia kwa sababu madirisha hayakufunguliwa. Nje, joto la Doha lilichoma kama mdomo wa tanuri. Nilikuwa na miaka kumi, nimetoka Kisumu karibuni kuja kuishi na mama yangu, muuguzi, katika nyumba ya kupanga huko Umm Salal, nje kidogo ya jiji. Shuleni nilikuwa kama bubu. Kiingereza nilikielewa, lakini kila nilipotaka kukisema kilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwalimu wa darasa alishamwambia mama waziwazi: nisipoanza kuzungumza kabla ya likizo, nitarudishwa darasa la chini.

Mama hakunigombeza. Ijumaa moja, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, rafiki yake Anti Atieno, mfanyakazi wa hotelini, alipokuja kula nasi, mama aliwasha televisheni tutazame kipindi cha yule mfalme wa Uingereza aliyeoa wake sita, akaamuru wawili wakatwe vichwa. Alitaka kuyazoesha masikio yangu. Kumbe wao wawili ndio walionogewa, wakamjadili mfalme kama jirani wa ghorofa ya juu.

"Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni," alisema Anti Atieno, paja la kuku mkononi. "Mke wa pili amekatwa kichwa, na bado kuna wazazi wanampa binti?"

"Si ni mfalme? Utamkatalia?" mama akamjibu.

"Nitamficha binti yangu! Na huyo marehemu, wajomba zake walikuwa wapi? Kwetu mjomba angefika na fimbo."

Tulicheka sana, lakini swali lile nililala nalo, nikaamka nalo.

Juma lililofuata, mwalimu wetu wa historia, mwanamke mrefu kutoka Uskoti, alimfikia mfalme yuleyule na mke wake wa pili, malkia aliyekatwa kichwa. Alipouliza nani ana swali, mkono wangu ulinyanyuka kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Wajomba zake walikuwa wapi?" nikauliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Mtu alicheka. Mwalimu hakucheka. Aliketi ukingoni mwa meza, akasema polepole, "Mjomba wake ndiye aliyeongoza baraza lililomhukumu."

"Mjomba? Ndugu wa mama yake mzazi?" Nilijikuta nimesimama, nikiwaeleza kwa hasira mjomba ni nani kwetu, maneno yakinitoka mbiombio, mengine ya Kiswahili. Mvulana wa Kihindi akadakia kwamba hata kwao mjomba ni mtu mzito. Kengele ilitukuta tungali tunabishana. Darasa la chini sikurudishwa. Nilipompelekea Anti Atieno jibu lile, aliweka kijiko chini. "Damu nzito kuliko maji," akasema, "lakini si mbele ya kiti cha enzi."

Leo nafundisha historia katika jiji hilihili. Zamani nilidhani hadithi za Waingereza na Wamarekani zina wenyewe, sisi tunaazima tu. Siku hizi nazirekodi kwa Kiswahili, watu wanazisikiliza kwenye simu wakienda kazini, na Jumamosi tunakutana katika mji jirani wa Lusail, wauguzi, walinzi na madereva, kuzizungumza. Jumamosi iliyopita nilikuwa nikisimulia habari za watumwa wa Marekani waliotorokea Kanada, muuguzi mmoja aliyefika Doha juzijuzi akanikatiza.

"Samahani, Mwalimu. Walipofika, ni nani aliyewakaribisha usiku wa kwanza?"

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake, tukaanza kutafuta jibu kwenye simu yangu.