Krismasi ya Agosti

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nyumba ya matofali, ng'ombe wa maziwa na watoto waliosoma nimevipata kwa jembe na kahawa. Kwa hiyo yule daktari binti wa hospitali kule Moshi alipoanza kutueleza kwamba kwenye saratani ya tumbo ya mke wangu wamepima kitu kinaitwa maikroRNA, nilimkatiza.

"Sema Kiswahili."

"Ni vipande vidogo mno ndani ya seli, mzee. Hata kwa hadubini havionekani. Vingine vikizidi kwenye uvimbe, mara nyingi ugonjwa unasambaa haraka. Vya mama vimezidi. Bado tunavichunguza, tarehe havitoi. Ila na picha zinasema hivyo hivyo."

"Kitu hukioni, halafu unakiamini?"

Mke wangu akacheka. "Mwache mtoto wa watu. Wewe Mungu ulishamwona?" Kisha akamgeukia. "Mwanangu, nataka neno moja tu. Desemba nitafika?"

Desemba ndipo watoto wetu hurudi wote kwa Krismasi, tukachinja.

Daktari aliinama. "Mama, ningekuwa wewe nisingengoja."

Tulipofika nyumbani nikawapigia watoto simu: njooni Agosti hii. Wa mwisho akaniletea habari za kazi. Nikamwambia, "Kazi utaikuta. Mama yako hutamkuta."

Walikuja wote, katika ukungu na baridi. Nikachinja mbuzi mgombani. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na mgongo ni wa mama wa nyumba. Tangu tuoane nampa kwa mkono wangu. Nikampelekea jikoni alikokuwa anaota moto. Siku hizo hata uji ulikuwa unamshinda. Akaupokea ule mgongo, akamwita mke wa mwanetu mkubwa.

"Njoo. Huu ni wako."

"Hapana mama, huo wa kwako."

"Nimesema wako. Unataka tubishane na nguvu sina?"

Mkwe akanitazama, mikono nyuma, akingoja nikatae. Nikatae nini? Nikamwambia, "Pokea."

Akakaa chini, miguuni kwa mama mkwe wake, akala huku analia. Mke wangu akawa anamfuta mafuta kidevuni kwa ncha ya kanga.